Mwanafunzi bila sare: nilivyopita QT hadi kidato cha nne nikiwa fundi cherehani

Tangu matokeo yangu yatoke Januari 2024, haipiti wiki bila mtu kusimama mbele ya kibanda changu pale Mbagala Rangi Tatu akijifanya anaulizia bei ya kushona gauni, kisha sauti inashuka: "Dada, hivi ile QT mtu anaanzia wapi?" Anaulizia mtihani unaomfungulia mtu aliyeishia la saba njia ya kidato cha nne. Wengi wanaouliza ni akina mama wa rika langu. Wanaume nao wapo, tena watu wazima wenye kazi zao, ila wao huja giza likishaingia. Nimechoka kurudia maneno yaleyale huku mguu uko kwenye pedali ya cherehani, ndiyo maana naandika yote hapa, gharama zake na aibu zake.

Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 2001, kijijini, mkoa wa Lindi. Sikuchaguliwa. Watu wa umri wangu wanajua uzito wa hilo. Shule za sekondari zilikuwa za kuhesabu, na hizi za kata zilikuja kujengwa kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004. Kabla ya hapo darasa zima mlikuwa mnafanya mtihani, wanachaguliwa wachache, mliobaki mnaambiwa mmemaliza shule. Ukishamaliza, unaolewa, unalima ufuta, au unapanda basi kuja Dar. Mimi nilikuja Temeke kwa shangazi, naye akanikabidhi kwa fundi cherehani wa mtaani kwake.

Kwa fundi nilikuwa naitwa mwanafunzi. Mteja akija, fundi anasema, "Mpe huyo mwanafunzi wangu akuchukue vipimo." Nilifagia, nikapiga pasi, nikashona vifungo kwa mkono, nikafumua mishono aliyoikosea yeye. Mwaka wa pili nikaruhusiwa kukata kitambaa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitambulisho wala sare. Nilikuwa mwanafunzi kwa sababu kulikuwa na mtu ananifundisha, basi.

Sasa ajabu ya kazi yangu ni kwamba mimi ndiye ninayeshona sare. Msimu wangu ni Desemba na Januari. Ukija wakati huo utakuta marundo mawili: shati nyeupe huku, sketi na kaptula za bluu kule, tetroni imejaa mpaka juu ya kiti cha wageni. Mzazi analeta mtoto wa darasa la tatu na kuniambia, "Fundi, muachie pindo la kutosha, avae mpaka la tano." Nakunja pindo inchi tatu nzima, marinda nayapiga pasi mpaka yanasimama. Mtoto aliyeingia kibandani kwangu na kanga ya mama yake mabegani anatoka, kila mtu barabarani anamwita mwanafunzi. Miaka kumi na zaidi nimekaa natengeneza wanafunzi kwa tetroni, na sikuwahi kujiuliza mimi ni nani.

Kilichoniamsha ni kiwanda kimoja cha nguo. Walikuwa wananipa vibarua vya msimu, baadaye nikawa nawafundisha wasichana wapya kutumia mashine ya ovaloki. Ikatokea nafasi ya msimamizi wa mstari. Wasichana wenyewe walinipendekeza. Ofisini nikaulizwa cheti cha kidato cha nne, sina, nafasi akapewa binti niliyemwonyesha mwenyewe namna ya kuingiza uzi kwenye mashine. Simlaumu yule binti. Ila usiku ule sikulala. Mwanangu mkubwa alikuwa ameingia kidato cha kwanza mwaka huohuo, 2021, na nilimwambia baba yake: mwakani na mimi narudi shule.

Akacheka kwanza. Kisha akaniuliza swali ambalo kila mtu aliniuliza baada yake: "Utakuwa mwanafunzi wewe?"

Njia yenyewe iko hivi, kwa asiyejua. Mtu aliyemaliza la saba na hakupita sekondari anafanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao mtaani wote tunauita QT. Kiwango chake ni cha kidato cha pili. Akifaulu, mwaka unaofuata au baadaye anafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote miwili inatungwa na kusimamiwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na inafanyika Novemba. Kuna watu wanaofikiri cheti chake ni cha hadhi ya chini. Si kweli. Mtihani wa kidato cha nne unaoufanya ni uleule wanaoufanya watoto walioko shuleni, siku ileile, saa ileile. Tofauti inaonekana kwenye namba: ya mtoto wa shule inaanza na S, ya kwako inaanza na P.

Kusoma unaweza kusoma popote. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wana utaratibu wao, na pia kuna vituo vya tuisheni kila kona ya mji huu, vizuri na vibaya vimechanganyika. Mimi nilichagua kituo cha jioni upande wa Mnazi Mmoja, kwa sababu nikimaliza kununua vifaa Kariakoo naingia darasani kwa miguu. Ada ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Vipindi vilianza saa kumi jioni mpaka saa moja usiku.

Hapo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wanapiga hesabu ya ada peke yake. Ada haikuniumiza. Kilichoniumiza ni saa kumi jioni. Kwa fundi, jioni ndiyo saa ya pesa: watu wanatoka kazini, wanashuka daladala, wanapitia kuchukua nguo au kuleta kitambaa. Wakikuta kibanda kimefungwa wanakwenda kwa jirani, na mteja wa nguo akishazoea mkono wa jirani harudi. Miezi mitatu ya mwanzo nilipoteza karibu nusu ya wateja. Nilipona nilipoanza kuwaambia wote kwamba kuchukua vipimo na nguo ni Jumamosi na Jumapili asubuhi tu, na nikaweka binti wa kupokea vitambaa siku za kazi, namlipa kwa siku. Kama una genge, saluni au mama lishe, tafuta mtu wa kushika jioni kabla hujalipa ada hata ya mwezi mmoja.

Halafu nauli. Barabara ya Kilwa wakati ule ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mwendokasi, foleni kutoka Kariakoo mpaka Rangi Tatu ilikuwa ya kukaa na kulala. Kituo kilitupa vitambulisho vyenye picha, vimepigwa plastiki, na neno MWANAFUNZI kwa herufi kubwa. Darasani kwetu alikuwepo binti wa miaka kumi na tisa, mama wa mtoto mmoja. Aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa ujauzito. Serikali ilishatangaza Novemba 2021 kwamba mabinti waliojifungua waruhusiwe kurudi shule, lakini yeye alisema hawezi kukaa dawati moja na waliokuwa wanamwita dada mkuu. Akaja kwetu, jioni, mtoto mgongoni siku ambazo bibi yake hayupo.

Siku moja tulipanda daladala pamoja. Konda akafika, binti akampa shilingi 200, nauli ya mwanafunzi, na kile kitambulisho. Konda akaitazama hela, akamtazama yeye, akamtazama mtoto.

"Hii nini?"

"Mwanafunzi."

"Denti?" Aligeuka kwa abiria kama mtu aliyepata shahidi. "Oneni jamani, denti na mtoto mgongoni! Sare iko wapi? Begi liko wapi?"

Gari zima likacheka. Binti akaangalia dirishani. Nikamwambia konda, "Mdogo wangu, chukua hii," nikaongezea hela iliyopungua, na kitambulisho changu sikukitoa kwenye mkoba siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mbele kabisa walikuwa wamesimama watoto wawili wa shule ya msingi, hawajaulizwa chochote. Sketi ya mmoja niliitambua kwa marinda, ilitoka kwangu.

Nimefikiria sana lile jambo na sina kinyongo na konda. Ana hesabu ya bosi kila jioni, na kila anayelipa 200 ni kiti kilichopungua. Nauli ya mtu mzima ilipanda mwaka 2022, ikapanda tena Desemba 2023, ya mwanafunzi ikabaki palepale 200. Ndiyo maana makonda wanawaacha watoto vituoni asubuhi, au wanawasimamisha mlangoni. Hilo ni kosa na mamlaka ya usafiri, LATRA, wanalikemea kila mara. Ila konda hasomi kadi. Anasoma shati. Kwake denti ni shati jeupe, sketi au kaptula, begi mgongoni, na mwili mdogo. Ndugu zangu watu wazima, punguzo lile liwekwe pembeni kabisa kwenye bajeti. Piga nauli kamili, kwenda na kurudi, siku tano, zidisha kwa miezi. Mimi nauli ilinikaribia ada.

Neno hilohilo, mwanafunzi, lilinisumbua sehemu nyingine. Kwenye kikundi chetu cha vikoba, mwenzetu mmoja alipendekeza nisipewe mkopo wa awamu ile kwa sababu "sasa ni mwanafunzi, atarudisha na nini?" Mkwe wangu, mama yake mume, aliwaambia majirani mimi naenda "kisomo," wakadhani sijui kusoma. Nyumbani watoto wangu wakanigeuza utani: nikichelewa kupika, "Mama denti karudi." Huu wa watoto niliupenda. Ule wa vikoba ulinikata maini.

Aliyenisaidia kulibeba neno ni mzee wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima miaka ya sabini. Nilimkuta barazani siku moja nikiwa na daftari, nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona mwanakisomo unarudi."

Nikamwambia, mzee, mimi si wa kisomo, nasoma sekondari. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye alikuwa kijana anayefundisha watu wenye wajukuu. Chini ya mwembe, au kwenye madarasa ya shule ya msingi watoto wakishaondoka. Jioni, kama mimi. Waliitwa wanakisomo, na mtu alijisikia fahari kuitwa hivyo. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwishoni mwa miaka ya sitini theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika, na katikati ya miaka ya themanini waliobaki walikuwa asilimia 10 tu au karibu na hapo. Kazi hiyo ilifanywa jioni, na watu wasio na sare.

"Na mbona hamkuwaita wanafunzi?" nikamuuliza.

"Wengine walikataa. Walisema mwanafunzi ni mtoto. Nikawaambia, basi na mwananchi ni mtoto? Mwanajeshi ni mtoto? Wale kumi na wawili wa Nabii Isa walikuwa na ndevu, wanaitwa wanafunzi."

Nilikwenda kulala nikiwa na nguvu mpya. Lakini nguvu hizo, niseme ukweli, hazikunisaidia mbele ya Kiingereza.

Kiingereza ndicho kinachoangusha watu wa QT kuliko kitu kingine chochote, na hakuna anayekwambia mapema. Sisi tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Usanisinuru naujua tangu utotoni, naweza kukuchorea jani na mshale wa jua. Mwalimu wa Biolojia akaandika ubaoni "photosynthesis" na darasa zima la watu wazima likanyamaza kama limemwagiwa maji. Mlinzi mmoja wa benki, mtu wa miaka arobaini na kitu, akanong'ona, "Hiki ni kidudu gani?" Kilikuwa kitu tunachokijua sote! Historia hivyohivyo, Jiografia hivyohivyo, Uraia hivyohivyo. Kiswahili peke yake ndilo somo ulilokaa nalo nyumbani.

Nilichofanya ni kununua daftari la kurasa nyingi, kila ukurasa nikaupiga mstari katikati. Upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili Kiswahili chake au mchoro. Jioni nikiwa jikoni, mwanangu ananiuliza, mimi najibu huku nakuna nazi. Yeye alikuwa kidato cha pili mwaka huohuo wa 2022 niliofanya QT, kwa hiyo tulikuwa kiwango kimoja, mitihani yetu ikafuatana. Noti zake zilikuwa bora kuliko za kituo changu. Kama una mtoto au mdogo wako yuko sekondari, noti unazo ndani ya nyumba, usikimbilie kudurufu vitabu vya mtaani. Na kama una miezi kabla ya kuanza, tumia miezi hiyo kwa Kiingereza tu. Masomo mengine yatafuata yenyewe.

Hesabu ilinishangaza kwa upande mwingine. Wenzangu walikuwa wanaiogopa kuliko Kiingereza, mimi nikakuta nusu yake naijua. Fundi wangu alinifundisha kukata sketi ya duara hivi: chukua kiuno, gawanya kwa sita, punguza kidogo, hicho ndicho kipimo cha kuzungushia kutoka kwenye kona ya kitambaa kilichokunjwa. Kiuno cha inchi 28, unagawanya unapata nne na theluthi mbili, unapunguza, unakata kwa nne na nusu. Miaka yote nilipunguza "kidogo" bila kujua kidogo hicho kimetoka wapi. Mwalimu alipofika kwenye mzingo wa duara, akaandika mbili pai nusu kipenyo, nikagawanya 28 kwa 6.28 kwenye daftari nikapata 4.46. Nne na nusu kasoro. Nikapiga kelele darasani, watu wakageuka. Fundi wangu wa Temeke, ambaye naye aliishia la saba, alikuwa ananifundisha pai.

Sasa usajili, na hapa ndipo watu wanapopoteza mwaka mzima.

Mwaka wangu dirisha lilifunguliwa Januari mpaka mwisho wa Februari bila faini, Machi ikawa kwa faini. QT ilikuwa shilingi 30,000, ukichelewa 40,000. Kidato cha nne 50,000, ukichelewa 65,000. Unakwenda kwanza kwenye kituo cha mtihani, yaani shule utakayofanyia, wanakupa namba rejea. Unaingia nayo kwenye mfumo wa Baraza mtandaoni, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unamalizia kujaza taarifa zako. Kwangu mimi Januari ni msimu wa sare, hela ipo, nikalipa kabla haijaanza kutafunwa. Wewe jua hela yako inakuja mwezi gani.

Fanya mwenyewe, au kaa pembeni ya anayekufanyia. Yule mlinzi wa benki alimpa mwenye kituo hela ya usajili mkononi, yeye na wenzake kadhaa. Miezi ikapita, wanasoma, wanakariri, wanakopa vitabu. Orodha za watahiniwa zilipotoka, majina yao hayapo. Mwenye kituo akaanza habari za mtandao kusumbua. Dirisha lilishafungwa zamani. Mlinzi hakurudi tena darasani, na nikikutana naye naona haya kumuuliza. Kwa hiyo: ujumbe wa malipo usiufute kwenye simu, upige picha, namba rejea iandike kwenye daftari, na uthibitishe mwenyewe kwamba umesajiliwa wakati dirisha bado liko wazi.

Jambo la pili ni jina. Mama mmoja wa Tandika alijisajili QT kwa jina la mume, kwa sababu ndilo analotumia mtaani na ndilo lililo kwenye vitambulisho vyake vya kanisani. Cheti cha la saba kina jina la baba. NIDA ina jina la tatu lililokosewa herufi. Alipofika kidato cha nne, ambako unaingia na namba yako ya QT, majina yakawa matatu kwa mtu mmoja, akazunguka kwa wakili na ofisi za serikali akitumia hela aliyokuwa ameiweka kwa ada. Kabla hujaanza chochote, weka meza moja cheti cha la saba, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Yasipofanana, shughulikia hilo kwanza.

Kwenye fomu zote hizo hakuna mahali panaposema mwanafunzi. Wewe ni mtahiniwa. Neno hili mtaani halina mtu, hakuna konda anayelijua, lakini ndilo lenye namba, na namba ndiyo inayofungua mlango wa chumba cha mtihani. Mimi tangu siku niliyopata namba yangu ya P niliacha kujali nani ananiita nini.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza nilifika shule ile mapema, gauni la kitenge, viatu vya kufunika, kalamu mbili na rula kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Nilipopita uwanjani, watoto wa kidato cha nne waliokuwa wamesimama kwa makundi wakirudia vitabu vyao waliniona, wakasimama vizuri. "Shikamoo mwalimu!" Kundi zima. Nikaitikia marahaba, nitafanyaje? Nusu saa baadaye tulikuwa mistari ya kukaguliwa mlangoni, na mmoja wao akaniona nimesimama upande wa watahiniwa. Macho yakamtoka. Hakusema kitu, akanisogelea tu na kuninong'oneza, "Mama, ile ya Historia umesoma Vita vya Maji Maji?" Nikamwambia nimesoma, babu zangu ni wa Kilwa, hiyo siwezi kuikosa.

Simu acha nyumbani kabisa, usiseme utaizima. Madawati ni ya watoto, magoti yatagonga, kaa pembeni kidogo. Na kula kabla ya kwenda, kwa sababu mtu mzima akiwa na njaa ananung'unika, na muda unaisha.

QT nilifaulu 2022, kidato cha nne nikafanya 2023. Nikapata daraja la nne, pointi 26: C ya Kiswahili, C ya Hisabati, C ya Historia, nyingine D, moja F ambayo siitaji kwa sababu mwalimu wake bado ananisalimia. Watu wanaposikia daraja la nne wanakunja uso. Wajue kwamba D huanzia alama 30, na kwamba kozi nyingi za astashahada zinataka ufaulu wa masomo manne tu. Mimi nilikuwa nayo na ziada. Niliomba chuo, nikapokelewa, sasa ni mwanachuo. Shoga yangu alinipongeza mbele ya shehe wa mtaani kwa kuniita "mwanachuoni," shehe akasema taratibu kwamba huyo ni mtu mwingine kabisa, ameshika elimu ya dini miaka mingi, mimi nivumilie kwanza. Tulicheka sote. Nauli ya mwanachuo, kwa wanaotaka kujua, ni ileile ya mtu mzima.

La mwisho ambalo watu wananiuliza ni cheti chenyewe. Hakitoki siku ya matokeo. Matokeo yanakuwa mtandaoni Januari, na hayo unaweza kuyatumia kuombea chuo, lakini cheti kinapelekwa baadaye kwenye kituo ulichofanyia mtihani, na ni wewe unayepaswa kukifuata ukiwa na kitambulisho. Nilipokwenda kuchukua changu, mwalimu wa taaluma alifungua kabati na kunionyesha bahasha yenye vyeti vya watahiniwa wa kujitegemea wa miaka ya nyuma ambao hawakurudi. Wengine labda walihama mji, wengine hawajui kwamba kipo. Kama ulifanya mtihani ukaishia kuangalia matokeo kwenye simu, nenda kituoni siku ya kazi, asubuhi, na namba yako ya P.